Mkononi au Kwenye Karatasi? Mwongozo wa Mshahara na Bonasi Kuelekea 2026

Mdogo wangu alipopata kazi yake ya kwanza ya uhasibu, alinipigia simu kabla hata hajashuka ngazi za ofisi alikofanyiwa usaili. "Kaka, wamenipa milioni moja na nusu!" Nikamuuliza, "Mkononi au kwenye karatasi?" Akanyamaza.

Jioni alikuja nyumbani na barua ya ofa. Tukakaa mezani na kalamu, tukapiga hesabu mstari kwa mstari. Tulipomaliza, ile milioni moja na nusu ilikuwa imebaki shilingi 892,000. Hakuna aliyemdhulumu, kwani kila shilingi iliyotoka ilikatwa kihalali. Lakini mchana ule ule alikuwa ameshamwahidi mwenye nyumba wa Sinza kodi ya miezi sita, kwa hesabu ya pesa ambayo hangeishika kamwe.

Mwaka mpya unapokaribia, ofisi nyingi zinafunga vitabu, zinapanga bajeti, na wafanyakazi wanaanza kuulizana: mwaka huu watatuongeza ngapi? Bonasi itakuwepo? Mwongozo huu ni wako wewe mwenye taaluma unayefanya kazi Tanzania Bara, uwe unaomba nyongeza, unasubiri bonasi au unapima ofa mpya. Zanzibar ina mfuko wake wa hifadhi ya jamii, ZSSF, na viwango vyake, ingawa njia ya kufikiri ni ile ile.

Kwanza, jua kinachobaki mkononi

Makato makubwa ya mfanyakazi wa sekta binafsi ni matatu. La kwanza ni mchango wa NSSF. Jumla yake ni asilimia 20 ya mshahara, na kwa kawaida wewe unakatwa 10 na mwajiri anaongeza 10. Mtumishi wa umma yuko PSSSF, ambako anakatwa asilimia 5 na mwajiri anachangia 15. La pili ni kodi ya mapato, PAYE, inayokokotolewa baada ya mchango wa hifadhi ya jamii kutolewa. La tatu linawahusu waliosoma kwa mkopo wa serikali: Bodi ya Mikopo, HESLB, hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi.

Ngazi za PAYE kwa mwezi ziko hivi. Shilingi 270,000 za mwanzo hazitozwi kitu. Kuanzia hapo hadi 520,000 unatozwa asilimia 8. Hadi 760,000 asilimia 20. Hadi 1,000,000 asilimia 25. Na kila shilingi inayozidi milioni moja inatozwa asilimia 30. Mtu wa milioni moja kamili analipa kodi ya 128,000.

Sasa tazama karatasi ya mdogo wangu, ambaye mshahara wake wote ulikuwa wa msingi:

- Mshahara ghafi: 1,500,000
- NSSF, asilimia 10: 150,000
- Kiasi kinachotozwa kodi: 1,350,000
- PAYE (128,000 na asilimia 30 ya 350,000): 233,000
- Kinachobaki kabla ya mkopo wa chuo: 1,117,000
- HESLB, asilimia 15: 225,000
- Mkononi: 892,000

Fanya hesabu hii kwa mshahara wako leo. Kisha fanya nyingine ambayo wengi hawaifanyi, ile ya upande wa mwajiri. Juu ya hiyo 1,500,000 yeye anaongeza NSSF 150,000, tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL, ya asilimia 3.5 kama ana wafanyakazi kumi au zaidi, yaani 52,500, na asilimia 0.5 ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, yaani 7,500. Wewe unapokea 892,000 na yeye anatoa 1,710,000. Mnapokaa kuzungumza, kila mmoja ana namba yake kichwani, na mazungumzo mengi ya mshahara huharibika kwa sababu hiyo. Ukizijua namba zote mbili utaomba kwa heshima na kwa ujasiri.

Pili, pima nyongeza kwa mizani ya kweli

Tuseme bosi amekubali kukuongeza asilimia 10. Kwenye mshahara wa 1,500,000 hiyo ni 150,000. Ondoa NSSF 15,000. Kwenye 135,000 iliyobaki, kodi inachukua asilimia 30, yaani 40,500. Mkononi unapata 94,500. Kama una mkopo wa chuo, toa 22,500 nyingine, zinabaki 72,000. Ukishavuka milioni moja, nyongeza yoyote itakufikia ikiwa imepungua kwa zaidi ya theluthi. Basi kama hitaji lako ni laki moja zaidi kwa mwezi, ombi lako lazima likaribie laki na sitini, au laki mbili na zaidi kwa mwenye mkopo.

Mizani ya pili ni bei za vitu. Kwa miaka ya karibuni mfumuko wa bei Tanzania umekuwa zaidi kidogo ya asilimia 3, ndani ya lengo la Benki Kuu la asilimia 3 hadi 5. Kwa hiyo nyongeza ya asilimia 3 inakuacha pale pale ulipokuwa mwaka jana. Nyongeza ya kweli huanzia juu ya hapo. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutangaza namba hiyo kila mwezi. Nenda nayo kwenye kikao.

Mizani ya tatu ni tangazo lenyewe. Mwaka 2022 serikali ilitangaza nyongeza ya asilimia 23.3, na mitaani watu wakaanza kuzidisha mishahara yao. Slipu za Julai zilipotoka, wengi walishtuka. Ile asilimia ilikuwa ya kima cha chini. Wenye ngazi za juu walipata asilimia ndogo kuliko hiyo. Somo hilo linafaa tena sasa. Kuanzia Januari 1, 2026 kima cha chini cha mshahara wa sekta binafsi kinapanda kwa takribani asilimia 30, kutoka 275,060 hadi 358,322. Usimwendee mwajiri ukidai asilimia 30. Tazama badala yake jinsi amri hiyo itakavyogusa bajeti yake: atalazimika kuwainua kwanza walinzi, wahudumu na makarani, na pengo kati yao na mtaalamu wa ngazi ya kwanza litapungua. Kama wewe ni afisa kijana, pengo hilo ni hoja halali. Liweke mezani mapema, kabla bajeti haijafungwa.

Tatu, ijue kalenda ya sekta yako

Kila sekta ina chemchemi ya pesa na msimu wake. Anayeomba nje ya msimu huambiwa "tutaona", na hilo si jibu.

*Benki.* Hapa ndipo bonasi ina desturi iliyojengeka, na kwa kawaida hufuata baada ya hesabu za mwaka kukaguliwa, yaani miezi ya mwanzo ya mwaka. Jambo ambalo wafanyakazi wengi hawalifuatilii ni hili: tangu 2021 Benki Kuu imezuia benki kulipa bonasi na gawio pale gharama za uendeshaji zinapozidi asilimia 55 ya mapato, na mikopo chechefu inapozidi asilimia 5. Benki zote huchapisha taarifa za fedha kila robo mwaka magazetini. Ifungue ya benki yako, tafuta namba hizo mbili. Zikiwa zimevuka mstari, usikope gari kwa kutegemea bonasi ya Machi, hata kama tawi lako limefikia malengo yote.

*Madini.* Bei ya dhahabu ilikuwa chini ya dola 2,100 kwa wakia mwanzoni mwa 2024, na Oktoba 2025 ikavuka 4,000. Kwa mhandisi, mjiolojia au mhasibu wa mgodi wa Geita, North Mara au Bulyanhulu, huu ni wakati wa kuzungumza. Bonasi za migodini hufungamana na uzalishaji na usalama, hivyo ajali moja inaweza kupunguza ya timu nzima. Pima pia zamu. Mshahara wa mtu anayekaa kambini wiki mbili mfululizo na kulishwa huko haulinganishwi na wa mtu wa ofisi ya mjini anayelipa nauli na chakula kila siku.

*Utumishi wa umma.* Hapa hakuna kujadiliana mezani. Mshahara uko kwenye ngazi zilizoandikwa, mwaka wa fedha huanza Julai, na macho ya wote huwa kwenye Mei Mosi. Mwaka 2023 pale Morogoro, Rais Samia alitangaza kurejea kwa nyongeza za mwaka. Mwaka 2025 pale Singida alitangaza kima cha chini cha 500,000 kutoka 370,000, kuanzia Julai. Kwa mtumishi, pesa inapatikana kwa kupanda daraja, kubadilishiwa muundo baada ya kusoma na kujaza tathmini ya utendaji kwa wakati. Mwalimu au muuguzi asiyefuatilia barua ya kupandishwa daraja anajinyima nyongeza kubwa kuliko ile ya Mei Mosi.

*Mashirika ya miradi.* Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai USAID ilikuwa imefungwa. Wataalamu wengi wa afya, ufuatiliaji na tathmini waliachwa bila kazi, na sasa wanashindania nafasi chache. Ukiwa kwenye mradi, usiulize tu unalipwa kiasi gani; uliza fedha zimesainiwa hadi lini na nani ndiye mfadhili. Bonasi ni nadra huku, na kinachochukua nafasi yake ni kiinua mgongo cha mwisho wa mkataba. Hakikisha asilimia yake imeandikwa. Kwa mwaka 2026, mkataba wa miaka miwili wenye mshahara wa wastani unaweza kuwa bora kuliko wa miezi sita wenye mshahara mnono.

*Simu na teknolojia.* Hesabu za mwaka haziishi Desemba kila mahali. Mwaka wa fedha wa Vodacom Tanzania, kwa mfano, huishia Machi 31. Chunguza mwaka wa kampuni yako unafungwa lini, halafu peleka ombi lako miezi miwili au mitatu kabla. Kama unaandika programu kwa kampuni ya nje na unalipwa kwa dola, kumbuka Mei 2025 dola moja ilikaribia shilingi 2,700, na kufikia Oktoba ilikuwa imeshuka chini ya 2,500. Mshahara haukuguswa, lakini soko la Kariakoo lilikuona umepungukiwa. Panga bajeti yako kwa kiwango cha chini, na kinachozidi kiwe akiba.

*Uhasibu na ukaguzi.* Mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA, hufanyika Mei na Novemba. Kupata cheti cha CPA hubadilisha nafasi yako sokoni kuliko mwaka mzima wa kukesha ofisini. Kabla hujafanya mtihani wa mwisho, zungumza na mwajiri: ukifaulu, mshahara utakuwa kiasi gani na kuanzia mwezi gani? Ahadi inayotolewa kabla ya matokeo huandikika kirahisi.

*Shule binafsi, bima na mauzo.* Shule hutegemea ada, na mikataba ya walimu hupangwa kabla ya Januari. Wanaouza bima na bidhaa huishi kwa kamisheni. Ukiwa mmoja wao, uliza jambo moja kwanza: kamisheni inahesabiwa mteja akisaini au akishalipa?

Nne, iulize bonasi maswali matano

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimlazimishi mwajiri kutoa bonasi wala mshahara wa kumi na tatu. Kwa hiyo nguvu yote ya bonasi iko kwenye maandishi. Kabla hujaiweka kwenye mipango yako, tafuta majibu haya:

1. Imeandikwa kwenye mkataba, au iko "kwa hiari ya mwajiri"? Maneno hayo manne yanamaanisha anaweza asitoe, na usiwe na pa kulalamika.
2. Inakokotolewa kwa mshahara wa msingi au kwa jumla pamoja na posho?
3. Inapimwa kwa kazi yako, ya idara, au ya kampuni nzima? Na nani anaweka alama?
4. Nikiacha kazi Novemba na bonasi inalipwa Machi, nitapata sehemu yangu? Mikataba mingi hutaka uwe bado kazini siku ya malipo.
5. Nikiwa kwenye likizo ya uzazi au ya ugonjwa, nahesabiwaje?

Jua pia kwamba bonasi hukatwa kodi katika mwezi unaolipwa. Kwa mwenye mshahara wa milioni moja na nusu, bonasi ya mwezi mmoja inapoteza 450,000 kwa PAYE, hivyo anabakiwa na 1,050,000 au pungufu. Ukiitegemea kulipia ada au kiwanja, weka namba hiyo.

Na kama mwajiri anakupa uchaguzi kati ya nyongeza ya asilimia 8 na bonasi ya mwezi mmoja, ambayo kwa hesabu ni karibu sawa kwa mwaka huu, chukua nyongeza. Nyongeza inarudi mwakani, inakuza mchango wako wa NSSF, na nyongeza inayofuata huhesabiwa juu yake. Bonasi huliwa mara moja ikaisha.

Tano, tazama mshahara umekatwaje vipande

Ofa mbili za 2,000,000 zinaweza kutofautiana sana. Ya kwanza ina msingi wa 1,600,000 na posho ya 400,000. Ya pili ina msingi wa 900,000 na posho za nyumba, usafiri na simu za 1,100,000. Siku za kawaida hutaona tofauti kubwa, na mwenye mkopo wa HESLB anaweza hata kuipenda ya pili, kwa sababu makato yake ya mkopo yanapungua.

Tofauti hujitokeza siku ya dhiki. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Kiinua mgongo cha kisheria cha anayestahili ni angalau siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Msingi mdogo unakupunja kote huko. Posho nazo ni rahisi kufutwa kampuni ikibana matumizi. Ukiwa na nafasi ya kujadiliana, sukuma pesa iingie kwenye msingi.

Sita, omba kama mtu mwenye hesabu

Usianze na shida zako. Kodi ya nyumba imepanda, mtoto anaingia sekondari, mama anaumwa: hayo ni ya kweli na mazito, lakini kila aliye ofisini anayo, na bosi hana pa kuyaweka kwenye bajeti. Anza na kazi. Andika ukurasa mmoja wenye mambo matatu uliyoyafanya mwaka huu, kila moja na namba yake: madeni uliyokusanya, siku ulizopunguza kufunga hesabu za mwezi, wateja uliowarudisha. Halafu omba miadi. Usimvizie bosi kwenye korido.

Mkikaa, maneno machache yanatosha: "Naomba kuzungumzia mshahara wangu wa mwaka ujao, mzee. Majukumu yangu yameongezeka tangu mwenzangu alipohama, na haya ndiyo matokeo yake. Naomba tufikirie msingi wa 1,750,000." Kisha nyamaza, umwache afikiri. Ukijaza ukimya huo kwa maelezo mengi, utajikuta unashusha ombi lako mwenyewe.

Akisema hakuna bajeti, usiondoke mikono mitupu. Omba tarehe ya kulipitia ombi lako tena, au ada ya mtihani wa taaluma, au bima ya afya ya familia, au kupandishwa cheo sasa na malipo kuanzia Julai. Jioni hiyo hiyo mwandikie barua pepe ya shukrani inayotaja mlichokubaliana.

Saba, kabla hujasaini

Sheria inakupa haki ya maelezo ya ajira kwa maandishi na mchanganuo wa malipo kila unapolipwa. Makato lazima yatokane na sheria au idhini yako ya maandishi. Angalia kipindi cha majaribio kinaisha lini na kama mshahara unabadilika ukithibitishwa. Kisha hakikisha kila baada ya miezi michache kwamba michango yako ya NSSF inafika kweli. Slipu inaweza kuonyesha imekatwa huku mfuko haujapokea kitu, na wengi huligundua hilo siku wanapofuata mafao. Ukidhulumiwa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, inapokea malalamiko, lakini muda hausubiri: siku 30 kwa kuachishwa kazi isivyo halali, siku 60 kwa migogoro mingine.

Na jambo la mwisho, ambalo nalisema kwa uchungu. Tumelelewa kuamini kwamba mshahara ni siri ya mtu. Siri hiyo haimsaidii kijana anayeingia kazini bila kujua thamani yake, wala binti anayelipwa chini ya mwenzake wa kiume kwa kazi yenye thamani ile ile, wakati sheria inamtaka mwajiri awalipe sawa. Huna haja ya kutangaza slipu yako barabarani. Lakini mdogo wako, mpwa wako au mwanafunzi wako akija na barua ya ofa, mkalishe mezani, mpe kalamu, mpige hesabu pamoja kabla hajasaini na kabla hajamwahidi mwenye nyumba chochote.